Data zangu hazikuvuja kupitia TikTok

Mhariri,

Kila habari ya kufunga TikTok inapoibuka, watu huzungumza kana kwamba humo hamna ila umbea na uchafu. Mimi huuza leso, yaani kanga, humo humo TikTok nikiwa Mombasa. Baada ya isha huegemeza simu kwenye chupa ya chai, nikazikunjua leso moja moja na kuyasoma majina yake, ile misemo iliyoandikwa juu yake, kwa sauti. Baadhi ya wateja wangu wako Muscat na Dubai. "Hebu isome tena hiyo, dada," huniandikia, na pesa huingia kabla sijaikunja.

Suala la usalama silipuuzi. India ilizifungia programu 59 za Kichina Juni 2020, TikTok ikiwamo, baada ya wanajeshi wake 20 kuuawa katika mapigano na China mpakani. Marekani ilitunga sheria Aprili 2024 ikihofia kwamba serikali ya China inaweza kuilazimisha ByteDance, kampuni ya China yenye TikTok, itoe data za Wamarekani. Ikaiambia iuze TikTok au iondoke. Unaweza kuipinga sababu hiyo, lakini unaijua. Kwetu Kenya, ombi la kufunga TikTok lililofika Bungeni Agosti 2023 lililalamikia maadili. Machi 2024 Kithure Kindiki, wakati huo Waziri wa Usalama wa Ndani, akaieleza kamati ya Bunge habari za propaganda, ulaghai na usalama. Tushike lipi?

Mimi data zangu zilivuja kweli, na si kupitia TikTok. Nilikopa shilingi 3,000 kwenye programu ya simu ambayo mpaka leo sijui mwenyewe yuko nchi gani. Nilichelewa siku nne tu. Wakampigia mavyaa wangu, wakamwandikia ustadhi wa mwanangu, wakawaandikia na wateja, kote wakinitangaza kuwa mwizi. Mavyaa alinilipia deni, akanyamaza. Kule kunyamaza ndiko kulikonichoma zaidi. Kwa kisa changu hakuna kamati iliyokaa.

Sheria ya Kulinda Data tunayo tangu 2019, na Kamishna wa Data yupo. Wabunge waanzie hapo. Kila programu ya kigeni, iwe ya China, ya Marekani au ya mwenyewe aliyejificha, ieleze inachukua nini ndani ya simu zetu, inakiweka wapi na nani anakiona. Itakayokataa ifungwe, hata kama ni hii ninayouzia leso. Nitaumia, lakini nitajua kwa nini.

Muuza leso,
Mombasa