YAH: Kufungwa waya kwa valvu ya usalama ya hita, na malipo ya elementi (chuma cha umeme kinachopasha maji) ambayo haikuwa mbovu

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Hita ya umeme ya lita 50 mliyoifunga katika nyumba yetu ya wageni hapa Arusha ilianza kudondosha maji kwenye kamdomo ka valvu ya usalama, ile iliyo kwenye bomba la kuingizia maji baridi. Fundi wenu alisema presha ya maji ni kubwa. Akachomeka kipande cha mpira kwenye kamdomo hako, akakikunja mara mbili na kukikaza kwa waya wa kufungia nondo.

Maelezo yake hayashiki. Jengo halina pampu; maji yanateremka kutoka kwenye simtanki lililo mita 6 juu ya hita, yaani presha ya baa 0.6 tu, wakati valvu yenyewe imeandikwa baa 8, presha inayoifungua. Kilichokuwa kinadondoka ni maji yaliyotanuka. Lita 50 zikipashwa kutoka nyuzi 18 hadi 60 huongezeka kwa karibu lita 0.8, na kwa kuwa ndani ya valvu hiyo hiyo mna kizuizi kinachokataza maji kurudi kwenye simtanki, ziada haina pa kupita ila pale. Kudondosha hita inapopasha, kisha kunyamaza ikishajikata, ndiyo kazi yake. Kama ingevuja kutwa hata umeme ukiwa umezimwa, hapo tungesema ni mbovu, na hata hivyo ingesafishwa au kubadilishwa. Kilichotakiwa ni bomba la mpira linaloteremka hadi kwenye tundu la maji machafu, mwisho wake ukiwa wazi.

Matokeo yalionekana ndani ya siku chache. Asubuhi koki ya maji ya moto ikifunguliwa, maji yalichomoka kwa kishindo sekunde mbili tatu, kisha yakarudi kwenye mtiririko wa kawaida: dalili ya tangi lililolala na presha. Gasketi ya flanji (mpira wa kuzibia bamba linaloshika elementi) ikaanza kuvuja, maji yakaingia kwenye kifuniko cha thamostati (kifaa kinachokata umeme maji yakishapata moto), breka ikawa inaruka. Fundi akarudi, akasema elementi imepiga shoti, akaweka mpya na kutuandikia risiti.

Elementi ya zamani tuliitunza na kuipima. Ya wati 1,500 kwa volti 230 inatakiwa kusoma karibu omu 35, imesoma 35. Baada ya kuikausha juani tuliipima kwa mega ya volti 500 (kipimo cha kuonyesha kama umeme unavuja) kati ya pini na ardhi, ikasoma zaidi ya megaomu 50, yaani hauvuji. Ni nzima. Kilichokuwa kimelowa ni nyaya na sehemu zinapoungwa.

Gasketi yenyewe hakuibadilisha, aliipaka silikoni tu. Tumekausha flanji kwa kitambaa na kuizungushia tishu: upande wa chini umelowa ndani ya dakika kumi, kwingine kukavu. Nati za upande huo zimelegea, za juu zimekazwa mno, maana alizikaza moja baada ya nyingine kwa kuzunguka badala ya kukaza zinazotazamana.

Hili la waya ndilo zito kuliko fedha. Valvu ikiwa imezibwa hivyo, thamostati ikiganda bila kukata umeme, maji yanaendelea kupashwa kupita nyuzi 100 bila pa kupumulia, na tangi likipasuka ukutani mtu yuko chini yake anaoga.

Tunadai mrudishe fedha za elementi na za ufundi wa safari ya pili, na mlete bila malipo valvu mpya na gasketi mpya. Tunaomba pia mkague hita nyingine alizozifunga fundi huyo, kwa wateja wenu wengine.

Kwa sasa umeme wa hita umezimwa, koki ya maji baridi imefungwa, na wageni wanapelekewa maji ya moto kwa ndoo. Mpira wenye waya, risiti na elementi ya zamani viko ofisini. Fundi aje kuviona kabla ya Ijumaa, na asiwe yule yule.

Wenu,
Msimamizi wa Matengenezo