Risala ya Kikundi cha Wanaapolo wa Mirerani kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, waheshimiwa viongozi, wamiliki wa vitalu, ndugu waalikwa,

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu, na tunakushukuru wewe kwa kufika mwenyewe bila kutuma mwakilishi.

Historia yetu wanaapolo, yaani vibarua wa machimbo ya tanzanaiti, ni fupi. Tanzanaiti iligunduliwa hapa mwaka 1967, ukuta wa kilomita 24.5 kuzunguka machimbo ukazinduliwa 2018, nasi tukaunda kikundi. Mafanikio ni makubwa mno: tuna katiba, mhuri, na ofisi ya kudumu yenye meza moja na viti viwili.

Mheshimiwa, haja yetu ni maji ya kuchorongea, yaani ya kutumia tunapotoboa mwamba kwa mashine.

Mwanaapolo hutoka chimboni mweusi tii, watu wakadhani huo weusi ndio ugonjwa. Ule ni wa kinywe, madini meusi ya penseli. Hatari kubwa zaidi haionekani kwa macho: ni silika iliyomo kwenye mwamba. Chembe zake hufika vifuko vya mwisho vya mapafu na kuacha makovu yasiyofutika kwa dawa yoyote. Ndiyo silikosisi. Nayo humfungulia mlango kifua kikuu, hata miaka mingi baada ya mtu kuacha uchimbaji. Kwenye eksirei magonjwa hayo mawili hupenda sehemu ileile ya juu ya mapafu, hivyo silikosisi hudhaniwa kifua kikuu, na wapo wanaomaliza dozi ya kifua kikuu ya miezi 6 na pumzi isirudi.

Barakoa tulizoletewa tulizipokea kwa heshima. Ni za kuzuia mate. Pembeni zina mwanya. Hata N95, barakoa ya kuchuja vumbi, haishiki kwenye ndevu. Vumbi lizuiwe linapozaliwa: maji yapite ndani ya rodi, chuma cha kutobolea, hadi kwenye biti, ncha yake inayokata mwamba, shimo litoe tope.

Mwaka juzi mgeni rasmi wa siku hiyo alituahidi pampu na matangi. Tulipiga makofi, picha zikapigwa. Ulifika mpira wa bustani, mita 50. Ili ahadi isikose vipimo tena, turuhusu tueleze. Kila mita 10 za kushuka wima huongeza presha ya maji kwa takriban bar 1. Kompresa inayosukuma hewa ya kuendesha mashine ya kuchoronga hutoa bar 7. Bomba likishuka moja kwa moja mita 150, maji ya bar 15 huishinda hewa, huingia kwenye mashine, huosha oili, pistoni inakwama. Kwa hiyo chimbo la kina hicho linahitaji matangi 5 ya lita 500: moja juu, mengine kila baada ya mita 30, kila moja na boya lake la kufunga maji linapojaa. Mchorongaji atapata bar 3. Pampu haihitajiki kabisa. Maji yanashuka yenyewe.

Chujio pia lisisahauliwe. Sindano ya maji, kijibomba chembamba cha kupitisha maji ndani ya mashine, ikiziba, kijana hufunga koki na kuchoronga kavu, maana halipwi kwa kusubiri. Tumekadiria lita 3 kwa dakika. Saa 3 za kuchoronga ni lita 540 kwa mashine moja, mbali na za kulowesha kifusi baada ya baruti. Maji hapa ni ya kununua, kwa hiyo tunaomba na boza, gari la kubeba maji.

Vipimo vyote tumeambatanisha. Ukurasa wa pili ni nakala ya ahadi ya mwaka juzi. Chini yake tumeacha nafasi ya kuandika tarehe.

Tunaomba kuwasilisha.