Shukrani kwa babu wa Kongwa

Babu, jina lako sikuliuliza. Jumamosi jioni, hapa Dodoma mjini, tulikaa viti vya jirani kutazama mchezo wa kuigiza kuhusu Afrika Kusini ya makaburu. Askari alipomvua baba mtu mzima kofia mbele ya wanawe akidai pasi, kile kibali ambacho Waafrika walilazimishwa kutembea nacho, nilishindwa. Nikatoka nje nalia. Ukanifuata na chupa ya maji, na hukuniambia ninyamaze.

Ulinieleza kuwa pasi ile haikuwa ya jukwaani tu: watu 69 waliuawa Sharpeville, huko huko Afrika Kusini, Machi 21, 1960, walipoandamana kuipinga. Kisha ukanisimulia ya kwenu Kongwa, ulivyokuwa mtoto ukiwaona wapigania uhuru wa ANC ya Afrika Kusini, FRELIMO ya Msumbiji na SWAPO ya Namibia waliopiga kambi pale miaka ya 1960. Mimi nimefika Kibaigwa mara ngapi kununua mahindi, Kongwa ikiwa pale pale, na sikujua! Hilo limeniuma kuliko mchezo wenyewe.

Ukanirudisha ndani, tukaumaliza pamoja. Taa zilipowaka, ulishaondoka. Asante sana, babu. Kama mjukuu wako anakusomea haya, naomba nije unionyeshe ilipokuwa kambi.