Dada, siku ile ya gesi hukuwa umezubaa

Dada shikamoo. Najua hupendi mambo yako yawekwe mtandaoni ndo maana jina lako silitaji, ila nilikufokea mbele ya majirani, kwaiyo acha nikuombe msamaha mbele ya watu vilevile.

Siku ile naingia jikoni kwako gesi inanuka mpaka inakaba koo, na wewe umekaa kwenye kigoda unamenya vitunguu, kiberiti kipo pembeni ya mguu wako, wala huna habari. Nikaanza, oh siku hizi umekuwaje, mara umeunguza maharage, mara umesahau kumfata mtoto shule, na wewe ukasema kwa sauti ya chini "mi sisikii harufu tangu ile korona". Hata sikukujibu, nikawa nafungua madirisha huku naendelea kukusema.

Nimekuja kusoma baadae na nimeumia sana. Kumbe kule juu puani kuna mishipa ya fahamu inayopeleka harufu kwenye ubongo, na pembeni yake kuna seli za kuihudumia, korona inazivamia hasa hizo seli wahudumu, zikifa mishipa inabaki haina wa kuitunza na harufu inakata. Wengi inawarudia baada ya wiki chache. Wengine inarudi ila imevurugika, ndo maana ulikuwa unasema kahawa inanuka kama takataka na sisi tukadhani unadeka.

Na huko kusahau pia kuna sababu. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, walitoa matokeo ya watu 785 wa miaka 51 mpaka 81 waliopigwa picha za ubongo mara mbili, na kati ya picha ya kwanza na ya pili 401 kati yao walipata korona. Wengi wala hawakulazwa, lakini ukiwalinganisha na wale ambao hawakuugua, ubongo wao ulikuwa umepungua zaidi, kwa asilimia 0.2 mpaka 2 hivi, hasa sehemu zinazohusika na harufu na kumbukumbu. Hiyo ni wastani dada, usije ukakaa unawaza ubongo wako unaisha, haimaanishi kila aliyeugua yuko hivo. Ila inaonyesha kwamba ukisema kichwa kizito kama kimejazwa pamba, unaanza sentensi neno linapotea katikati, hilo ni jambo la mwilini kabisa, si uvivu na wala hujarogwa, na wale wanaokwambia uende kwa mganga uachane nao. Twende hospitali, maana kusahau kunaweza kutokana na upungufu wa damu au tezi ya shingo pia, wapime vyote.

Kuna na mazoezi ya kunusa, Wajerumani ndo waliyaanzisha, unanusa waridi, limau, mkaratusi na karafuu, kila kimoja sekunde kadhaa, asubuhi na jioni, kwa miezi mitatu au zaidi, huku unajitahidi kukumbuka harufu yake ilikuwaje. Hayamsaidii kila mtu lakini wapo yaliowasaidia.

Jumamosi nakuja. Karafuu nimeshapata za Pemba, marashi ya waridi mama anayo, limau lipo hapo uani kwako. Na ule mtungi wa gesi ntautoa nje mwenyewe, tuuweke kibarazani upande wa upepo.