Usijaze Gesi ya Tatu

Mwanangu Zuhura,

Hatujambo hapa Dar, bibi yako anakusalimu sana.

Juzi uliniambia umejaza gesi ya AC mara mbili ndani ya miezi mitatu, na sasa gari linapuliza joto tena. Na joto la Tanga nalijua. Usijaze ya tatu, mama. Gesi ya AC haiunguzwi kama petroli, inazunguka humohumo miaka na miaka. Ikipungua upesi hivyo, kuna inapotokea.

Gari hilo la mwaka 1998 nami lilinitesa hivyohivyo. Nilijaza mara nne ndipo nikatulia nitafute. Zima injini, fungua boneti mchana kweupe, ufuate mabomba kwa macho toka kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, hadi kondensa, ile iliyo mbele ya rejeta. Tafuta vumbi jeusi lililoshikana na mafuta, maana gesi husafiri na mafuta ya kompresa, na inapopenya huyaacha hapo. Langu lilikuwa kwenye kiungo cha bomba karibu na kondensa, doa dogo kama sarafu. Nikalipaka povu zito la sabuni kwa mswaki mkuukuu, nikatazama. Kikatoka kiputo kimoja, kikavimba taratibu, kikapasuka, kikafuata kingine. Oringi, kile kipira cha duara kinachoziba kiungo, ilikuwa imekauka, ngumu kama plastiki. Kipira cha bei ndogo kabisa!

Maji yanayodondoka chini upande wa abiria yasikutishe, ni unyevu wa hewa tu.

Ila usilegeze nati mwenyewe. Gesi hiyo ikikurukia jichoni inagandisha, inaweza kukupofusha. Fundi aivute kwanza kwa mashine, abadilishe oringi na draya pia, kile kikopo cha kukausha gesi, kwa sababu mfumo ukishafunguliwa draya hunyonya unyevu wa hewani. Kisha avute hewa kwa pampu nusu saa au zaidi, azime, asubiri. Hapo simama naye uitazame geji. Mshale ukipanda, bado kunavuja, asijaze. Ukitulia, apime gesi kwa mizani kulingana na kibandiko kilicho chini ya boneti. Akikuambia anajua kwa kushika bomba, chukua gari lako uondoke.

Ukiliona doa, lipige picha unitumie kabla hujaenda kwake. Jumamosi nipo nyumbani kutwa.

Baba yako