Gari Lile Si Langu

Mbagala, Oktoba

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Nakujua, barua hii ukiipokea utasema "shikamoo baba" kabla hujaifungua. Sisi huku wazima. Mama yako kikohozi kimemwachia. Dada yako anasema blanketi lako analitumia yeye, usije ukalidai.

Jumanne iliyopita nilipigiwa simu na namba nisiyoijua. Mtu mzima, mstaarabu, akajitambulisha kuwa ni baba wa yule rafiki yako mliyemaliza naye kidato cha nne mkapangiwa shule moja. Akaniita bosi. Akasema binti yake anaolewa Desemba, na kwa kuwa mimi nina Benz yangu, angeomba nimwazime kwa siku moja, mafuta juu yake. Wakati huo nilikuwa nimekaa ndani ya gari hilo hilo, nasubiri maharusi wamalize kupiga picha ufukweni. Nikamwambia gari si langu, mimi ni dereva tu, ila namba ya mwenye gari naweza kumpa. Akanyamaza kidogo. Akasema samahani, akakata.

Jioni nikamuuliza binamu yako. Akanionyesha picha uliyoiweka WhatsApp mwezi wa sita, kabla hujaondoka. Umeegemea boneti, miwani ya dada yako usoni, na chini umeandika "Ndinga ya mshua". Alikuwa ameihifadhi kwa sababu umependeza. Na kweli umependeza, mwanangu.

Sitakuficha, usiku ule sikulala. Neno mshua halikuniudhi, hata sisi baba zetu tuliwaita dingi. Nilikuwa najiuliza mwanangu aliona kasoro gani kwa baba aliyenaye, hata akaona heri amtunge mwingine.

Mama yako anasema ni hizi nyimbo za bongo fleva unazozipenda, na alitaka nikukataze kuzisikiliza. Ndiyo maana naandika mimi, kwa sababu katika hilo hatujakubaliana sana.

Babu yako alikuwa mtu wa Sikinde, muziki wa dansi wa bendi ya Mlimani Park. Mlimani Park wakianza kupiga redioni hakuna aliyeruhusiwa kuongea nyumba nzima, na enzi za ujana wake akitoka kazini bandarini alikuwa anapitia kwanza ukumbi wa DDC Kariakoo. Mimi nilipoanza kuleta kanda za rapu za kina Sugu na Profesa Jay, akaziita muziki wa kihuni, kama walivyoziita wazee wengi wakati ule. Kisha mwaka 2001 ukatoka "Ndiyo Mzee" wa Profesa Jay, ule wimbo unaomhusu mwanasiasa anayeahidi mambo yasiyowezekana huku watu wakimwitikia tu. Babu yako alikuwa anakula. Tonge likasimama mkononi. Alicheka hadi akapaliwa, akaniambia nirudishe kanda nyuma asikilize tena. Sitasema kwamba tangu siku hiyo aliipenda rapu. Aliupenda wimbo ule mmoja, basi. Baadaye Sugu alikuja kuwa mbunge wa Mbeya Mjini, mwaka 2010, na Profesa Jay akawa mbunge wa Mikumi mwaka 2015. Babu yako alikuwa ameshatutoka. Ningependa sana angeyaona hayo.

Sikusimulii ili nikwambie za zamani zilikuwa safi. Tulikuwa nazo za kusifu ulevi na za kumdhalilisha mwanamke, tukaziimba mbele ya dada zetu, na leo nikizikumbuka naona haya. Wala kufungia nyimbo sijaona kunasaidia nini. Novemba 2018 BASATA, lile Baraza la Sanaa la Taifa, walipoufungia "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond, wewe ulikuwa na miaka 10 na ulikuwa unaujua mwanzo hadi mwisho. Uliujulia kwenye simu ya mama yako.

Baada ya ile simu nimekuwa nikizisikiliza zile unazozipenda, peke yangu garini, nikisubiri wateja. Kinachonisumbua si matusi. Ni yule kapuku. Wimbo baada ya wimbo kuna mwanamume asiye na hela, na kazi yake humo ni kuachwa, kuchekwa na kunyang'anywa mchumba na mwenye gari. Jina hana. Hatuambiwi anaamka saa ngapi wala anamtunza nani. Ubeti mmoja wa kujitetea hapewi. Mwanangu, mtu huyo ni mimi. Ni fundi cherehani wa pale kona aliyekushonea sare kwa mkopo. Ni mjomba wako na toroli lake la maji. Mtoto akimsikia mtu huyo anachekwa kutwa kucha, tangu hajajua kufunga kamba za viatu, atamwonea aibu hata kama hakuna aliyemwambia amwonee.

Sasa nikusimulie jambo ambalo sijawahi kukusimulia. Gari uliloegemea limeshatokea kwenye video za muziki mara tatu, na mara zote niliyelipeleka ni mimi. Mara ya mwisho ilikuwa Mbezi Beach, kwenye nyumba ambayo nayo ilikodiwa kwa saa. Msanii alikuja na bodaboda, begi mgongoni, akaniamkia. Kijana mdogo, sidhani kama anakuzidi miaka sita. Akaniomba nimwelekeze mlango unavyofunguliwa kwa ndani, maana alitakiwa aonekane anashuka na hakutaka kubabaika mbele ya kamera. Tulirudia mara nne mpaka mkono ukazoea. Cheni aliyovaa ilikuja na mwenyewe, mtu mmoja aliyekaa pembeni siku nzima bila kuiondolea macho, na kila wakipumzika anaivua na kumkabidhi. Noti za kurusha zilihesabiwa kabla na baada. Ikakosekana elfu kumi moja, kazi ikasimama watu wote wakiitafuta, hadi ilipoonekana chini ya zulia la gari.

Walikuwepo mabinti watano. Waliitwa saa moja asubuhi, na saa tisa alasiri walikuwa hawajatia kitu mdomoni. Nilitoka nikawanunulia mihogo na chai. Mmoja alikuwa anasoma chuo, akipata nafasi anakwenda nyuma ya jenereta na daftari lake. Hao ndio wale ambao kwenye video wanamcheka kapuku.

Jua lilipozama yule kijana aliingia akakaa kiti cha dereva, kimya. Akaniuliza kama ningeweza kumpiga picha moja ameshika usukani, amtumie mama yake. Nikampiga. Chini yake aliandika nini, sijui. Nusu ya pesa ya gari ililipwa na nusu nyingine bosi wangu anaidai hadi leo. Wimbo wenyewe huujui, maana haukufika popote.

Ulipoiweka picha yako, nadhani ulikuwa unafanya alichokuwa anafanya yule kijana. Tofauti ni kwamba yeye alipomaliza alivua cheni, akairudisha kwa mwenyewe, akapanda bodaboda kwenda kwao.

Utaniuliza, mbona Diamond katoka Tandale na amefika? Amefika, nami namheshimu kwa kuchapa kazi. Juni 2020 alikuwa msanii wa kwanza wa Afrika kusini mwa Sahara kufikisha mara bilioni moja za kutazamwa YouTube. Lakini kwamba amekulia Tandale hajaficha. Wewe Mbagala umeificha, na mimi ukanificha humo humo. Hata singeli, ule muziki wa kasi ambao wazazi wenzangu wengi hawataki kuusikia, mimi nauelewa kuliko unavyodhani. Umezaliwa uswahilini, na wale vijana wa Manzese wanaimba shida za nyumba za kupanga na mifuko mitupu kwa kasi nisiyoweza kuifuata, lakini wanajiimba wenyewe. Ukipigwa hapa mtaani hata mama yako hutikisa bega, ingawa atakataa ukimuuliza.

Kwa hiyo muziki sikukatazi. Spika yako nimeiweka juu ya kabati, salama.

Ninachokuomba ni kingine. Jana nilimpigia tena baba wa rafiki yako. Nilimwambia nimeongea na bosi, amekubali kumpunguzia bei, na kwamba siku hiyo nitaendesha mimi. Alifurahi. Safari hii hakuniita bosi, aliniita kaka, na tuliongea muda mrefu. Sikumuuliza kama ameshamweleza mwanawe. Nisingependa rafiki yako alisikie jambo hili kwa mtu mwingine kabla hajalisikia kwako, na mnalala bweni moja.

Harusi ni Jumamosi ya tatu ya Desemba, kule Kigamboni. Utakuwa umeshafunga shule. Rafiki yako atakuwepo na ukoo wao mzima. Gari huwa naliosha saa kumi na moja alfajiri, kisha kuna kufunga maua na riboni, kazi ambayo mtu mmoja akiifanya hukaa upande. Nimemwambia bosi nitakuja na kijana wangu. Kama unaona hutaweza, niandikie mapema nitafute mtu mwingine. Sitakulazimisha na sitakununia.

Elfu kumi nimeituma kwa mwalimu wa malezi, mwone. Nunua sabuni na kalamu. Mama yako anakusalimu sana, na karanga atakuletea mwenyewe siku ya kutembelea wanafunzi.

Ni mimi baba yako.