Elfu kumi kwa meseji moja? Soma hii kabla hujakodi namba ya mtandaoni

Jumamosi iliyopita mama mmoja aliingia dukani kwetu Sinza na mwanawe wa kidato cha pili, laptop ikiwa kwenye mfuko wa kitenge. Hakusalimia. "Kaka, mwezi uliopita mlichukua elfu kumi yangu mkasema akaunti ya mtoto iko sawa. Sasa gemu inamwambia asubiri miezi mitatu. Mlifanya kazi gani?" Vijana wawili waliokuwa kwenye PS wakaacha mpira wao wasikilize.

Lalamiko hilo nalipata karibu kila wiki. Kuthibitisha namba ya simu kwenye akaunti ya gemu, watu wanasema, ni kupokea meseji moja, unajaza zile namba sita, kwisha. Sasa elfu kumi ya nini? Naandika hapa ili mwingine akiuliza nimtumie asome, mimi niendelee na kazi mezani.

Nianze na huyo mtoto. Gemu yake ni Dota 2. Tangu Mei 4, 2017, anayetaka mechi za kupanda daraja lazima aweke namba ya simu kwenye akaunti, na namba moja ni ya akaunti moja. Valve, wenye gemu, walipotangaza utaratibu huo walisema na mambo mawili ambayo wateja wangu hawayasomi: namba za huduma za mtandaoni, yaani za kukodi kwenye tovuti bila laini yako mwenyewe, hazikubaliwi, na ukiitoa namba yako ukaweka nyingine unakaa miezi mitatu bila mechi hizo. Sisi tulimwekea namba ya mama yake, ikakubali, akacheza mechi nzima mbele yangu. Nilipofungua laptop Jumamosi ile namba haikuwepo.

Nikamuuliza kijana, taratibu. Kimya. Kumbe kuna rafiki yake alifungiwa akaunti kwa kucheza rafu, akafungua mpya, akakosa namba ya kuiwekea. Huyu wetu akaitoa namba ya mama kwenye akaunti yake akamwazima mwenzake, kwa elfu tatu. Simu ya mama huwa anaishika yeye jioni, kwa hiyo meseji aliipokea mwenyewe. Aliporudi kujiwekea namba ya baba, miezi mitatu ikaanza kuhesabiwa. Mama alimtazama mwanawe muda mrefu, kisha akaniomba maji ya kunywa.

Kampuni za gemu hazitaki namba yako ili zikupigie. Mtu anayechezea programu za kuona maadui nyuma ya ukuta akifungiwa, barua pepe mpya ni bure, baada ya dakika tano karudi. Laini mpya ina gharama na usumbufu, na kwetu tangu 2020 laini isiyosajiliwa kwa kidole na namba ya NIDA haidumu hewani. Ndiyo maana wanaing'ang'ania simu.

Sasa hili la malipo ya kabla, ambalo limewachanganya wengi. Oktoba 2022 Blizzard, kampuni nyingine ya gemu, walizindua Overwatch 2 kwa sharti la namba ya simu, na wakasema wazi kwamba laini za malipo ya kabla na namba za mtandaoni hazifai. Huko Marekani waliokuwa kwenye mitandao ya malipo ya kabla kama Cricket Wireless wakajikuta nje ya mlango, wakiwemo watu walioinunua Overwatch ya kwanza kwa pesa yao. Kelele zilikuwa kubwa, na ndani ya siku chache kampuni ikawaondolea sharti waliokuwa wamecheza tangu Juni 9, 2021. Wachezaji wapya likawabakia. Mimi naliona lilikuwa sharti la mtu asiyewahi kukwangua vocha. Hapa kwetu anayelipia simu mwisho wa mwezi ni wa kutafuta kwa tochi, wengine wote tunaweka salio kwanza ndipo tupige.

Habari ile ilipofika huku kupitia video za YouTube ikawa imegeuka: laini za Bongo hazikubaliki, kodi namba ya Marekani. Hapo ndipo pesa za vijana zinapoliwa. Kuna tovuti zinakukodisha namba ya kupokelea meseji kwa chini ya dola moja. Kampuni ya gemu ikipewa namba huwa inaangalia kwenye kumbukumbu za mitandao kama ni ya simu ya mkononi, ya mezani au ya mtandaoni. Ya mtandaoni ikikataliwa, umeliwa dola yako. Hiyo ni nafuu. Balaa ni pale inapokubali.

Mwaka jana alikuja kijana wa Mbagala, fundi aluminiamu, mtu mwenye kazi yake. Alikuwa ameweka zaidi ya laki mbili kwenye akaunti, manguo na mabunduki ya rangi rangi. Aliithibitisha kwa namba ya kukodi na ikapita vizuri, akatucheka sisi wa elfu kumi. Baada ya miezi minne akanunua laptop nyingine. Gemu ikaona mashine ngeni, ikatuma namba sita kwenye simu iliyosajiliwa. Simu ya nani? Namba ile ilikuwa imeshakodishwa kwa mwingine, na tovuti yenyewe haikujibu barua pepe. Aliniomba nimsaidie kwa bei yoyote. Sikuwa na bei ya kumtajia, kwa sababu hakukuwa na kazi ya kufanya. Zile namba za bure kabisa, ambazo meseji zake zinaonekana kwenye ukurasa kwa kila mtu, sitaki hata kuzizungumzia.

Wengine wananunua laini iliyokwisha kusajiliwa tayari. Unajua inatoka wapi? Wakala mwenye mwavuli anamwambia bibi wa watu, "kidole hakijasoma, rudia," na kidole cha pili kinasajili laini ya pili. Siku bibi akipiga *106# na kukuta namba asiyoijua kwa jina lake, anaifungisha, na akaunti yako inakwenda nayo. Sisi hatuuzi laini hizo, na ukija nayo hatuigusi.

Elfu kumi yetu basi. Tunaanza na *106# tuone laini ni ya kwako. Tunaangalia kama ulizuia meseji za matangazo, maana wengi waliozuia wamezuia na za uthibitisho bila kujua. Tunaandika +255 na kuiondoa ile sifuri ya mwanzo. Msicheke, nusu ya "laini yangu imekataliwa" zilizofika mezani kwangu zilikuwa sifuri. Vocha huhitaji, kupokea meseji ni bure hata salio likiwa sifuri. Kisha tunaomba namba sita mara moja na tunasubiri. Nyumbani mtu anabonyeza "tuma tena" mara nane, zinakuja meseji nane kwa mkupuo, anajaza ya kwanza wakati inayofanya kazi ni ya mwisho, mwishowe mfumo unamfungia. Tukimaliza tunaunganisha barua pepe unayoifungua kweli, na zile namba za akiba, za kuingilia siku simu ikipotea, tunaziandika kwenye karatasi yako, haibaki nakala kwetu. Inachukua dakika arobaini, wakati mwingine saa mbili. Gawanya mwenyewe.

Nakiri na kosa letu. Tulipoanza, wateja wasio na simu tuliwathibitishia akaunti za Google kwa namba ya duka, tukijiona wema. Siku moja Google ikaandika kwamba namba hiyo imetumika mara nyingi mno. Na waliosahau neno la siri wakawa wanaamka saa sita usiku kunipigia niwasomee meseji. Siku hizi namba ya duka haiingii kwenye akaunti ya mtu, hata uwe shemeji yangu.

Akaunti ya yule kijana hatukuilipisha tena, hakuna cha kufanya zaidi ya kusubiri. Niliandika tarehe ya mwisho kwenye karatasi, mama akaibandika ndani ya kifuniko cha laptop.

Ukija, njoo na simu yenye laini yenyewe ikiwa hewani, siyo picha ya skrini. Mtoto wa chini ya miaka 18 aje na mwenye laini. Jumatatu hadi Jumamosi, saa tatu asubuhi hadi saa mbili usiku, umeme ukiwepo.